Gari linatetemeka ukifika 90: uanze na balansi, tairi, shafti au injini?

Ukitoka Dar alfajiri na gari la zamani, foleni ya Kimara haikuambii kitu. Unavuka Kibaha, gari limetulia tuli. Barabara ikifunguka baada ya Mlandizi, mshale unapita 80 na usukani unaanza kucheza mkononi. Ukifika 95 hata kioo cha katikati kinatikisika, na lori ulilolipita unaliona ukungu mtupu. Ukigusa 110 mtikisiko unapungua, na wapo madereva wanaoamini hiyo ndiyo dawa yenyewe: kukimbia zaidi.

Lipeleke gereji, utapata majibu kwa idadi ya mafundi waliopo. Mmoja anasema, "Bosi, hapa alaimenti imekataa." Wa pili hajainuka hata kwenye benchi, ameshahukumu mauntini, yaani mipira inayoishikilia injini. Wa tatu anataka akuuzie CV, kiungo cha shafti inayopeleka nguvu kwenye gurudumu. Si kwamba wanadanganya. Kila kifaa walichokitaja kinaweza kutikisa gari. Lakini havitikisi kwa namna moja, na tofauti hiyo dereva anaisikia vizuri kuliko fundi, kwa kuwa ndiye anayekuwa ndani gari likikimbia. Fundi mara nyingi analiona limeegeshwa.

Kwa hiyo nitawaweka watuhumiwa wawili wawili, ili kabla hujatoa hela ujue ni yupi wa kumshika kwanza. Magari ninayoyafikiria ni Toyota zilizojaa mitaani kwetu, za mwisho wa miaka ya 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000: Corolla, Vitz, Ist, Premio, Mark II, Noah na RAV4 ile ya Kilitime. Mwenye Nissan au Subaru naye atafuata bila shida.

Kwanza jua gari lako linasukumwa na magurudumu gani. Mark II GX100 na GX110 nyingi zinasukumwa na ya nyuma, kwa hiyo zina propela shafti ndefu inayopita chini ya sakafu hadi kwenye difu. Noah ya zamani, iliyotengenezwa kuanzia 1996 hadi 2001, nayo ni hivyo hivyo. Noah iliyofuata mwaka 2001 inavutwa na ya mbele. Vitz, Ist, Corolla na Premio nyingi ni za mbele, na RAV4 yenye magurudumu manne ya nguvu ina mizigo yote miwili: CV za mbele na propela ya kwenda nyuma. Usikubali kuuziwa krosi, kile kiungo cha propela, kwa ajili ya Vitz ya kawaida. Haina propela.

Injini, au vitu vinavyozunguka na magurudumu?

Huu ndio mgawanyo wa kwanza, na haugharimu hata shilingi. Ukiwa na gari la otomatiki la gia nne, angalia kwenye mpini wa gia: kuna kitufe kimeandikwa O/D. Wengi wanakijua kama kitufe cha kupandia mlima. Chagua sehemu iliyonyooka isiyo na gari nyuma, shika mwendo ule ule unaotikisa gari, tuseme 85, halafu kibonyeze. Taa ya njano ya O/D OFF itawaka kwenye dashibodi, gari litashuka gia ya tatu, na mzunguko wa injini utapanda: kama ulikuwa 2,200 utafika 3,000 na ushee. Mwendo wa magurudumu haujabadilika. Kilichobadilika ni injini peke yake.

Mtikisiko ukibaki vile vile, ondoa injini kwenye orodha. Ukibadilika ghafla, ukapotea au ukageuka mlio mwingine, basi shughulika na injini na vinavyoishikilia. Mwenye gia za mkono atashuka kutoka ya tano kwenda ya nne na kupata jibu lile lile. Mwenye CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua, hana kitufe hicho. Yeye alisimamishe gari, aweke N, apandishe injini hadi mzunguko aliousoma barabarani. Gari likitikisika limesimama, hakuna tairi wala shafti ya kulaumu.

Mauntini zina tabia ya kujitangaza mapema. Umesimama kwenye taa, gia iko D, mguu uko kwenye breki, na gari zima linatetemeka hadi mlango unalia. Ukiweka N linatulia. Hiyo ni mauntini, au injini yenye silinda isiyochoma vizuri kwa sababu ya plagi au koili. Gari linalotulia kwenye taa halafu likatikisika 95 tu, sioni kwa nini uanze kwa kubadilisha mauntini. Hata hivyo ndicho kifaa ninachosikia kinabadilishwa mapema kuliko vyote, nadhani kwa sababu mpira uliopasuka unaonekana kwa macho na ni rahisi kumwonyesha mteja.

Kuna mtikisiko mmoja unaojificha katikati. Kwenye otomatiki, kati ya 60 na 80, ukiwa umekanyaga mafuta kidogo sana, gari linatetemeka kwa sekunde chache kama linapita kwenye rasta za barabarani, kisha linaacha. Gusa breki kidogo kwa mguu wa kushoto bila kuachia mafuta. Ukikata papo hapo, hiyo ni klachi iliyo ndani ya giaboksi inayoshika na kuteleza, na hatua ya kwanza ni mafuta ya giaboksi ya aina sahihi. Watu wengi hubalansi matairi mara tatu kwa tatizo hili.

Balansi na alaimenti

Tukishaitoa injini, tunabaki na vinavyozunguka. Na hapa ndipo hela nyingi inapopotelea, kwa sababu huduma hizi mbili zinauzwa dirisha moja, kwa risiti moja, na mteja anaondoka akiamini ni kitu kimoja.

Balansi inahusu uzito. Gurudumu likiwa na upande mzito kuliko mwingine, kila likizunguka linavuta ekseli juu na chini. Gramu 30 tu zilizozidi kwenye ukingo wa rimu ya inchi 15, gari likiwa 100, huvuta kwa nguvu ya kama kilo nne na nusu, tena mara 14 hivi kwa kila sekunde. Ukishuka hadi 50 nguvu hiyo inabaki robo, kilo moja na kitu, ndiyo maana mjini husikii. Na ule utulivu wa 110 nao una sababu: springi, bushi na uzito wa gurudumu vina mdundo wao wa asili. Mzunguko wa tairi ukikutana na mdundo huo, mtikisiko unakua. Ukiupita, mwili wa gari unausikia kidogo ingawa nguvu inayopiga beringi na tairodi (fimbo za usukani) imeongezeka. Anayekimbia zaidi ili gari litulie anazidi kuviumiza vyuma, ila hapigiwi kelele.

Alaimenti inahusu pembe: magurudumu yanatazama wapi. Ikiharibika, gari linavuta upande mmoja, usukani unakaa mshazari ukienda moja kwa moja, na matairi yanaisha ukingo wa ndani au wa nje. Yenyewe haitikisi. Inaweza kutikisa kwa mzunguko wa mbali: inakula tairi bila usawa kwa miezi, tairi linakuwa na mabonde, na mabonde hayo ndiyo yanayotikisa. Wakati huo hata ukirekebisha alaimenti leo, tairi lililokwishaliwa litaendelea kutikisa hadi ulitoe.

Kwa hiyo mwenye hela ya huduma moja tu, na gari linatikisika bila kuvuta upande, achague balansi ya magurudumu yote manne. Gari likivuta bila kutikisika, achague alaimenti. Likifanya yote mawili, anza na balansi na ukaguzi wa tairi, kwa kuwa kupima alaimenti kwenye tairi bovu au tairodi iliyolegea ni kupima hewa.

Kabla hata ya kwenda kwenye mashine, vua magurudumu uoshe rimu kwa ndani. Msimu wa mvua, gari likipita barabara ya vumbi iliyogeuka tope, udongo hukaa upande wa ndani wa rimu na kukauka kama tofali. Nje rimu inang'aa. Nimeona donge la kujaza kiganja likitoka kwenye rimu moja ya Ist, na baada ya kulitoa hapakuwa na haja ya balansi.

Kwenye mashine, simama uangalie. Vipande vya zamani vya risasi vinatolewa vyote kabla ya kuanza? Koni inayoshika rimu imeingia barabara kwenye tundu la katikati? Mashine ikishaonyesha sifuri, mwombe fundi kwa adabu alegeze gurudumu, alizungushe nusu duara juu ya koni, alikaze na kupima tena. Namba zikiruka hadi gramu 20 au 25, gurudumu halikukaa katikati mara ya kwanza, na ile sifuri haikuwa na maana. Wengine hukasirika. Fundi anayejiamini anafanya bila neno. Na gurudumu likidai gramu 80 au 100 upande mmoja, usikubali risasi zibandikwe tu ukaondoka. Hapo kuna tairi au rimu inayoomba kukaguliwa.

Tairi au rimu?

Tairi linaweza kusoma sifuri kwenye mashine na bado likatikisa, kwa kuwa mashine ya kawaida inapima uzito, haipimi umbo. Tairi lenye umbo la yai lina uzito sawa pande zote na bado linarukaruka.

Inua gurudumu kwa jeki, weka stendi na kabari, kisha shikilia chaki au bisibisi karibu na uso wa tairi bila kuligusa na ulizungushe polepole kwa mkono. Angalia nafasi iliyo kati ya ncha na mpira. Ikifunguka na kufunga kwa karibu milimita moja na nusu au zaidi, hicho kinatosha kusikika kwenye kiti. Rudia kwa kulenga ukingo wa rimu. Rimu ikizunguka sawa na tairi likaruka, tatizo ni tairi. Rimu yenyewe ikicheza, labda ilikutana na shimo.

Pitisha na kiganja juu ya kashata za tairi, yale meno yanayogusa barabara, pole, mbele na nyuma. Ukihisi vilima na mabonde, angalia shokapu. Ukikuta sehemu imevimba, iwe ubavuni au kwenye uso, usiende mwendo mkali na gari hilo hata kama safari ni ya msiba. Nyuzi za ndani zimeachana, na tairi la namna hiyo hupasuka. Kadhalika mtikisiko ulioanza ghafla safarini na unaokua kila kilomita: simama pembeni, angalia uvimbe, na ukaze nati. Magurudumu yamewahi kuchomoka kwa sababu hiyo.

Soma umri. Ubavuni kuna maandishi ya DOT yanayoishia na tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kampuni ya Michelin inashauri tairi lisitumike zaidi ya miaka 10 hata kama kashata zake bado nzuri, na kwa jua la pwani mimi nisingesubiri miaka hiyo.

Magari yaliyotoka Japani yana mambo mawili yake. La kwanza, lilikaa yadi na kwenye meli na bandarini, labda miezi, limekalia sehemu moja ya tairi. Sehemu hiyo hubonyea. Mtikisiko wake una alama: ni mkali unapoanza safari, na unafifia tairi likishapata moto baada ya kilomita ishirini au thelathini. Usipofifia baada ya wiki kadhaa za kutumia gari, tairi limeharibika moja kwa moja. La pili, baadhi ya magari huja na matairi ya barafu. Tafuta neno STUDLESS ubavuni. Mpira wake ni laini, umechanwachanwa mistari midogo midogo kwa ajili ya theluji, na kwenye lami ya Morogoro saa nane mchana linayumba na kuisha haraka. Mpya au la, si la kwetu.

Rimu za spoti nazo zina siri yao. Tundu la katikati la rimu linapaswa kukalia sawasawa habu, kitovu ambacho gurudumu hufungwa: milimita 54.1 kwa Corolla, Vitz na Ist, 60.1 kwa Mark II na RAV4. Rimu za kuuzwa kwa kila mtu hutobolewa kubwa, mara nyingi 67.1 au 73.1, na pengo linajazwa na ringi ya plastiki au ya alumini. Ringi hizo hupotea siku ya pancha. Fundi wa barabarani hajui kilikuwa kifaa, anadhani ni takataka. Toka hapo rimu inaning'inia kwenye nati peke yake, na isipokazwa kwa uangalifu inakaa kando ya katikati. Balansi haitasaidia, kwa kuwa kwenye mashine rimu inakaa katikati na kwenye gari haikai.

Nati zenyewe zitazame. Rimu nyingi za aloi za Toyota za kiwandani zinatumia nati zenye shingo ndefu na washa bapa. Rimu za chuma na nyingi za spoti zinatumia nati zenye ncha ya koni. Ukibadilisha rimu ukabaki na nati za zamani, hazikai. Zikaze kwa msalaba, si kwa kufuatana, gurudumu likiwa bado juu, halafu malizia kukaza limegusa chini. Kwa Toyota hizi ndogo kipimo ni Nyutoni-mita 103, karibu kilo kumi na nusu kwenye spana ya mita moja. Kijana anayeruka juu ya spana anazidisha, na nati zilizokazwa kwa nguvu zisizolingana hupindisha hata diski.

Sasa jaribio ninalolipenda kuliko mashine yoyote: badilishana magurudumu, ya mbele yaende nyuma. Matairi yenye mshale wa mwelekeo yabaki upande wake ule ule. Mtikisiko wa magurudumu ya mbele unasikika kwenye usukani. Wa nyuma unasikika kwenye kiti na sakafu. Ukibadilisha na mtikisiko ukahama kutoka usukani kwenda kitini, mkosaji ni tairi au rimu, na amehama nao. Ukibaki kwenye usukani vile vile, acha magurudumu, angalia habu, CV na vyuma vya chini. Unahitaji jeki, spana na nusu saa tu.

Gurudumu au shafti?

Hapa dereva asikilize mguu wake wa kulia.

| Unachofanya | Ikiwa ni gurudumu | Ikiwa ni CV au propela |
|---|---|---|
| Unashika 95 bila kuongeza wala kupunguza | Linatikisa | Huenda lisitikise |
| Unakanyaga mafuta kupandisha | Halijali | CV ya ndani inatikisa, gari linayumba kushoto kulia |
| Unaachia mafuta, mwendo ule ule | Linaendelea | CV inanyamaza. Propela inaweza kubadili mlio |
| Unachosikia | Mtikisiko mzito, unakaribia kuhesabika | Propela: mvumo wa haraka unaoziba masikio |

CV ya nje na ya ndani zinachanganywa sana. Ya nje inagonga "ka-ka-ka" ukikata kona huku unakanyaga mafuta. Hiyo kila mtu anaijua. Ya ndani, inayoingia kwenye giaboksi, haigongi kwenye kona. Inatikisa ikibeba mzigo, hata kwa 60 ukipanda Kitonga, na ukiachia mafuta inakoma kama umezima redio. Gari la namna hiyo hubadilishiwa CV za nje mbili, na mtikisiko unabaki pale pale. Angalia mpira unaoifunika: ukiwa umepasuka na grisi imerukia chesisi, mchanga umeshaingia.

Propela inazunguka haraka kuliko gurudumu mara nyingi kadiri ya uwiano wa difu. Kwenye gari lenye uwiano wa karibu 4, gurudumu la 195/65R15 likizunguka mara 14 kwa sekunde katika 100, propela imezunguka kama mara 55. Ndiyo maana mtikisiko wake hauchezeshi usukani, unavuma sakafuni. Kuna programu za bure za simu zinazopima mtetemo. Mpe abiria ailaze simu kwenye sakafu ya gari, na ujaribu kwa 70 au 80, kwa sababu simu hushika vizuri zaidi mitetemo ya chini. Katika 70, kilele karibu na 10 (mara kwa sekunde, programu huandika Hz) ni gurudumu, karibu na 39 ni propela. Kumbuka injini nayo ina namba yake, mizunguko gawanya kwa 60, kwa hiyo inayozunguka 2,400 iko kwenye 40, jirani kabisa na propela. Zikilingana hivyo, rudi kwenye kile kitufe cha O/D.

Chini ya gari, shika propela kwa mikono miwili uisukume juu, chini, na kuizungusha kulia kushoto. Krosi iliyokufa inalia au inaacha nafasi. Kwenye shafti ya vipande viwili angalia beringi ya kati: mpira wake ukichanika, gari linagongagonga unapoondoka na kuvuma ukifika mwendo. Na kama mtikisiko ulianza siku chache baada ya kutengenezwa giaboksi au difu, uliza kama shafti iliwekewa alama ya rangi kabla ya kufunguliwa. Ikirudishwa imegeuzwa, inaweza kutikisa bila kifaa chochote kuwa kibovu. Ifungue, izungushe nusu duara, funga, jaribu.

Diski na beringi, kwa kifupi

Mtikisiko unaokuja ukikanyaga breki tu ni diski. Usibalansi chochote. Diski inachongwa ikiwa unene wake bado unazidi kiwango kilichopigwa muhuri kwenye chuma chenyewe, kimeandikwa MIN. Ikiwa imeshakaribia hapo, nunua mpya. Ila ukianza safari salama, baada ya dakika ishirini mtikisiko ukaja bila kugusa breki na gurudumu moja likanuka moto, pistoni ya breki imeganda na haiachii. Sogeza kiganja karibu na rimu zote ukisimama, bila kuzigusa. Yenye joto kuliko wenzake ndiyo.

Beringi inanguruma zaidi kuliko inavyotikisa. Yumbisha gari taratibu kulia na kushoto kwenye barabara tupu. Mngurumo ukiongezeka ukikata usukani kulia, mara nyingi ni beringi ya kushoto, kwa kuwa uzito umehamia huko.

Tairodi, bolijointi, bushi za lowa amu na shokapu nazo zitatajwa. Zinachofanya ni kuukuza mtikisiko uliozaliwa kwingine: gurudumu lenye gramu 15 pungufu ambalo kwenye gari imara husikii, kwenye gari lenye bushi zilizochoka linakutingisha meno. Bolijointi na tairodi zilizolegea zibadilishwe mara moja, kwa usalama kwanza. Bushi na shokapu zinaweza kungoja mwezi ujao, mradi ujue kwamba tairi jipya kwenye shokapu iliyokufa litachongeka mabonde tena.

Ukishajua ni shafti, ununue ipi?

Dukani utakutana na CV mpya ya bei ya chini isiyo na jina unalolijua, CV ya kampuni inayoeleweka, na shafti nzima ya mtumba iliyotolewa kwenye gari huko Japani. Mimi kati ya ya kwanza na ya tatu nachukua ya mtumba, kwa masharti. Mpira uwe haujachanika na grisi isiwe imevuja. Ukishika ncha mbili na kuzisokota kinyume, isiwe na kilegeo unachokisikia kwa mkono. CV ya ndani uivute na kuisukuma. Iteleze bila kukwama mahali. Hesabu meno yanayoingia kwenye habu na kwenye giaboksi, na kama gari lako lina ABS angalia pete yenye meno iwepo na iwe idadi ile ile. Nenda na shafti yako ya zamani mkononi, zilaze sambamba, linganisha urefu. Muuzaji akikataa usiikague mbele yake, hamia duka la pili.

Propela ya mtumba ni hadithi nyingine. Bomba lake likibonyea hata kidogo, au kipande kidogo cha bati kilichochomelewa kiwandani kwa ajili ya balansi kikiwa kimedondoka na kuacha alama, iache. Bora ubadilishe krosi kwenye propela yako mwenyewe iliyonyooka kuliko kununua ya mwingine usiyojua iligonga nini.